Nyumba kwa bei ya kikombe cha kahawa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga wetu. Lakini je, msomaji, mgeni afanyeje anapobisha hodi na kukuta kwamba mwenyeji alihama zamani, mlango umefungwa kwa mnyororo wenye kutu na mtini umeota katikati ya sebule?

Swali hilo litakujia ukifika Sambuca di Sicilia, mji mdogo uliojengwa juu ya kilima katika kisiwa cha Sisilia, kusini kabisa mwa Italia.

Huenda unapanga safari ya Ulaya. Pengine mwanao yuko chuoni huko, au dada yako aliolewa na Mtaliano waliyejuana Malindi naye amekualika ukamwone mtoto. Wasafiri wengi wakifika Italia hukimbilia Roma wapigwe picha mbele ya majengo ya kale, kisha hurejea nyumbani na deni na miguu iliyovimba. Si vibaya. Lakini kama una siku tatu au nne za ziada, zipeleke katika mji mdogo wa kilimani. Huko utakula vizuri, utalala kwa bei nafuu kuliko katika miji mikubwa, na utajifunza jambo litakalokufaa hata ukirudi kwenu Kakamega, Nyeri au Taita.

Kabla hujafunga mkoba

Kwanza kabisa, visa. Mkenya huhitaji visa ya Schengen ili aingie Italia, na ombi lake halitaki haraka za dakika ya mwisho. Utatakiwa uonyeshe pahali utakapolala, pesa za kukutosha na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Usilipe mtu yeyote anayekuambia kwamba ana njia ya mkato. Njia hiyo huishia uwanja wa ndege.

Pili, mzigo. Acha nyumbani lile sanduku kubwa la harusi. Mitaa ya kale ya mji wa kilimani ni vichochoro na ngazi za mawe, na gari haliwezi kufika mlangoni. Sanduku la magurudumu litapiga kelele juu ya mawe hayo hadi mtaa mzima ujue kwamba mgeni amefika. Beba mkoba unaoweza kuuinua mwenyewe, na viatu visivyoteleza.

Tatu, usafiri. Ndege itakufikisha Palermo, mji mkuu wa Sisilia, baada ya kubadilisha njiani. Kutoka hapo hadi Sambuca ni kama kilomita 70 kwa barabara. Mabasi yapo lakini ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Usifanye kosa la kutua Jumamosi usiku ukidhani kuna matatu zitakazokungoja hadi zijae. Uliza ratiba mapema, au umwombe mwenye nyumba utakakolala akutafutie gari.

Mji juu ya kilima

Barabara inapita katikati ya mashamba ya mizabibu na mizeituni. Karibu na mji utaliona ziwa liitwalo Arancio. Si ziwa la asili. Lilitokana na bwawa lililojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ukingoni mwake kuna ngome ya kale, Mazzallakkar, ambayo maji yakipanda huizamisha na yakipungua huiacha ikionekana tena.

Mji wenyewe uko kama mita 350 juu ya bahari. Nyumba zake za mawe ya rangi ya asali zimebebana mabegani kama watoto wanaochungulia mechi ya kandanda juu ya ukuta. Sehemu ya kale zaidi huitwa vichochoro saba, na ukiwa umewahi kutembea Lamu au mji wa kale wa Mombasa utahisi kwamba unapafahamu. Njia ni nyembamba, zimepinda ili kukinga jua na upepo, na watu wawili wanene wakikutana humo mmoja hana budi kurudi nyuma.

Kufanana huko kuna sababu yake. Waarabu na Waberberi kutoka Afrika Kaskazini walitua Sisilia mwaka 827, na utawala wa Waislamu ulidumu mahali pengi kisiwani hadi Wanormani walipoumaliza mwaka 1091. Wenyeji wa Sambuca husimulia kwamba mji wao ulianzishwa na Waarabu hao. Hadi mwaka 1923 uliitwa Sambuca Zabut, kwa kumbukumbu ya ngome ya Kiarabu, ndipo serikali ya Mussolini ilipoubadilisha jina.

Sasa sikiliza jambo litakalokufurahisha wewe unayesema Kiswahili. Keti kwenye kibanda cha kahawa uwatege wazee sikio. Mmoja atamtaja jirani aliyefiwa, atikise kichwa na kusema "mischinu". Ni maskini yetu hiyo! Neno ni lile lile la Kiarabu, lililopanda majahazi mawili tofauti, moja likaenda kaskazini na jingine likaja pwani yetu. Zabibu moja tamu ya huko inaitwa zibibbo. Zafarani ni zafferano. Nahodha mkuu wa wavuvi wa jodari aliitwa rais, naye baharini alitiiwa kuliko rais yeyote wa nchi kavu. Hata jeneza, ambalo watu wa pwani huliita tabuti, Msisilia hulita tabbutu.

Adabu za mgeni

Ukifika utakapolala, mwenye nyumba atakuomba pasipoti. Usishtuke ukadhani umeshukiwa. Sheria ya Italia humtaka kila anayelaza wageni awaandikishe kwa polisi katika muda wa saa 24, wawe Wakenya, Wamarekani au Wataliano wenyewe. Miji mingi pia hutoza ushuru mdogo wa kila usiku kwa kila mgeni. Uliza mapema usije ukagombana siku ya kuondoka.

Asubuhi, nenda ukanywe kahawa pale wanapokunywa wenyeji. Baa ya Italia si pahali pa ulevi kama unavyoelewa. Humo mna kahawa, mikate mitamu na habari zote za mji. Kahawa ni kidogo kama dawa ya kikohozi, na hunywewa wima mbele ya kaunta. Bei yake ni euro moja na senti chache. Ikumbuke bei hiyo, tutarudi kwayo.

Kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi hivi, mji hulala. Maduka hufungwa, madirisha hufungwa, na anayetembea juani ni mgeni na paka tu. Usigonge milango ya watu wakati huo. Nunua mkate na matunda asubuhi, au utashinda na njaa ukiwa na pesa mfukoni.

Jioni ndipo mji hufufuka. Watu huvaa vizuri na kutembea polepole kwenye barabara kuu, kwenda na kurudi, bila safari yoyote. Wazee huketi kwenye mabaraza. Nawe tembea, na kila unayekutana naye msalimie, "Buonasera". Mji mdogo ni mji mdogo popote duniani. Asiyesalimu huulizwa ni mtoto wa nani aliyekosa malezi.

Chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili. Katika hesabu utaona pesa kidogo zimeandikwa "coperto". Si wizi. Ni malipo ya kukalia meza na kuletewa mkate. Ukimaliza, agiza keki ya Sambuca iliyobuniwa na mtawa mmoja mwaka 1725 kwa ajili ya karamu ya harusi. Ina krimu ya maziwa, vipande vya boga lililopikwa kwa sukari, chokoleti na mdalasini. Jina lake sitalitaja, kwani gazeti hili husomwa na watoto pia. Muulize mwenyeji akufafanulie, nawe utaelewa kwa nini watu hucheka kila inapoletwa mezani.

Ukitaka kuuona mji huo ukiwa umejaa, nenda mwezi wa Mei. Jumapili ya tatu ya mwezi huo huadhimishwa sikukuu ya Bikira Maria msimamizi wa mji, na sanamu yake hubebwa mabegani mitaani. Mwaka 2016 mji huu ulishinda shindano la kuchagua mji mdogo unaopendeza kuliko yote Italia.

Nyuma ya pazia

Lakini msomaji, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ya pili au ya tatu, ukishazoea, utaanza kuhesabu madirisha. Hapa pana maua na nguo zilizoanikwa. Pale mbao zimepigiliwa misumari. Hapa tena mbao. Nyumba ya nne haina hata paa.

Wako wapi watu? Mji huu una wakazi wasiofika 6,000, na mji wa namna hiyo haukupoteza watu wake kwa siku moja.

Walianza kuondoka zaidi ya miaka mia iliyopita. Mashamba makubwa yalikuwa ya matajiri wachache na wengi walilima vibarua. Vijana wakapanda meli kwenda Marekani, Argentina na kwingineko. Baada ya vita wakapanda treni kwenda viwanda vya Ujerumani na vya kaskazini mwa Italia. Kila mmoja alimwambia mamake maneno ambayo hata sisi tunayajua: "Naenda kutafuta tu, mama, nitarudi."

Kisha ukaja usiku wa kuamkia Januari 15, 1968. Tetemeko la ardhi lilipiga bonde la Belice, jirani na Sambuca. Watu zaidi ya 200 walikufa. Miji ya Gibellina, Salaparuta, Poggioreale na Montevago iliangamizwa, na maelfu waliishi kwa miaka mingi katika vibanda vya muda. Gibellina ilijengwa upya mbali na pale ilipokuwa. Magofu yake ya zamani yalifunikwa kwa saruji nyeupe na msanii Alberto Burri, huku nafasi kati ya vipande zikifuata njia za mji uliokufa. Unaweza kwenda kuyaona kwa gari. Nenda asubuhi kabla ya jua kali, na usipeleke kelele. Unatembea juu ya mitaa ya watu.

Sambuca haikuangamia, lakini nyumba nyingi za vichochoro saba zilipata nyufa na wenyewe wakazihama. Nyumba zikabaki wazi, halmashauri ya mji ikazichukua, na hakuna aliyezitaka.

Euro moja tu!

Hapo ndipo tunarudi kwa bei ya kahawa. Mwezi Januari mwaka 2019 halmashauri ilitangaza kwamba nyumba 16 zitauzwa, kila moja kwa bei ya kuanzia euro moja. Habari hiyo ilipotangazwa na runinga ya CNN, simu na barua pepe zilimiminika kutoka pembe zote za dunia.

Tafadhali usikimbie benki bado. Soma masharti kwanza.

Euro moja ilikuwa bei ya kuanzia mnada tu. Nyumba zilipopigwa mnada zilikwenda kwa kati ya euro 1,000 na 25,000. Mnunuzi aliweka amana ya euro 5,000 na kuahidi kuikarabati nyumba katika muda wa miaka mitatu. Akishindwa, amana hiyo haina wake. Ukarabati wenyewe ulikadiriwa kuanzia euro 15,000, na yeyote aliyewahi kujenga anajua kwamba makadirio ya fundi ni salamu tu, mazungumzo huja baadaye. Hata hivyo nyumba zote 16 zilipata wenyewe, na watu binafsi nao wakauza zao nyingi kwa bei za kawaida. Mwaka 2021 mji ulinadi nyingine kwa kuanzia euro mbili, na mwaka 2024 nyingine tena kwa euro tatu.

Na hili lisikie vizuri, kwa maana ndilo wajanja watakalokuficha: kununua nyumba Italia hakukupi kibali cha kuishi Italia. Mtu akikuambia toa laki mbili upate nyumba ya euro moja na makaratasi ya Ulaya, mshike mkono umpeleke kituo cha polisi.

Je, mnada uliuokoa mji? Ulisaidia, si haba. Nyufa zimezibwa, paa zimerudi, mafundi wamepata kazi. Lakini wengi wa wanunuzi ni wageni wanaokuja likizoni. Hawaleti watoto wa darasa la kwanza. Na watoto ndio waliokosekana, tena si Sambuca peke yake. Mwaka 1964 Italia nzima ilizaa watoto zaidi ya milioni moja. Mwaka 2023 hawakufika 400,000.

Juha na mlango

Wasisilia wana hadithi za mjinga mmoja aitwaye Giufà. Usishangae jina lake likikugonga sikioni. Ni yule yule Juha wa hadithi za Waarabu, ambaye jina lake sisi tumelifanya neno la kawaida, na ambaye wasomaji wa magazeti ya Kiswahili walimjua kwa miaka mingi kupitia vibonzo vya Juha Kalulu.

Siku moja, husimulia Wasisilia, mamake Giufà alikuwa akitoka kwenda zake. Akamwambia mwanawe, "Nawe ukitoka, uvute mlango." Giufà alipotaka kutoka akaushika mlango, akauvuta kwa nguvu zake zote hadi ukang'oka. Akaujitwika mgongoni, akamfuata mamake nao. Nyumba ikabaki wazi.

Tunacheka. Lakini hebu tujiulize, akina baba na akina mama: sisi tunaoishi Nairobi, Mombasa na Nakuru, je, tulipotoka nyumbani tuliuvuta mlango namna gani?

Wengi wetu tumejenga kwetu. Nyumba ya matofali, paa la mabati mekundu, madirisha ya vioo. Tumeijenga kwa mkopo ili majirani wasitucheke. Kisha ndani yake hulala watu siku kumi kwa mwaka, kuanzia mkesha wa Krismasi hadi Mwaka Mpya. Siku zilizobaki hulala popo. Nyanya yuko peke yake katika nyumba ya kando, na watoto wetu wakimtembelea hawana lugha ya kumwambia kwamba wana kiu.

Na mzee akifa? Huko Italia nyumba nyingi zilibaki tupu kwa sababu ya urithi. Babu alifariki, nyumba ikawa ya watoto sita, kisha ya wajukuu 20 waliotawanyika katika mabara matatu. Mmoja anataka kuuza, mwingine anakataa, wa tatu hajibu simu. Wanapovutana mvua haingoji. Inaingia paani. Msomaji, hukuyaona haya kwenu? Kesi za ardhi za ndugu wa tumbo moja zimejaa mahakamani, na shamba linalogombaniwa linaota magugu.

Sisi hatujafika walipofika wao. Madarasa yetu yangali yamejaa. Lakini Sambuca nayo ilikuwa imejaa, na haikumwagika siku moja. Ilidondoka tone kwa tone, kijana mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu nzuri. Wala hakuna haja ya kuwalaumu. Kutafuta riziki si dhambi. Kosa ni kuondoka bila kusema ni nani atabaki, atakula nini akibaki, na nyumba itakuwa ya nani.

Basi mazungumzo hayo yafanyeni mapema, wazazi wakiwa hai na akili zao timamu. Cheti cha shamba kiko kwa jina la nani? Yule ndugu aliyebaki kuwatunza wazee, mnamsaidia au mnamwona kama aliyeshindwa na maisha? Watoto wapelekeni likizo, si siku mbili za kupigwa picha na ng'ombe, bali wiki tatu, wachote maji na wajifunze majina ya shangazi zao. Mtoto hawezi kurudi mahali asipopajua.

Ukiwa Sambuca, usiku wa mwisho panda hadi juu ya mji, pale kwenye uwanja ulio wazi. Utaona taa za nyumba zenye watu, na baina yake nafasi nyeusi za nyumba zisizo na watu. Hesabu ukipenda.

Kisha utakapotua Nairobi, kabla hujagawa zawadi na kuonyesha picha, panda gari uende nyumbani kwenu. Msalimie nyanya. Chukua ufunguo, fungua madirisha yote ya ile nyumba ya mabati mekundu, upepo uingie. Na ulale huko, hata kama si Krismasi.